Jiko Lisilale na Watu

Haya ni mazungumzo ya mfanyakazi wa jamii wa parokia mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia huku Kinangop. Tumeyachapa karibu jinsi alivyoyasema, ili vikundi ambavyo havikufika viweze kuyasoma pamoja. Maswali ya kujadiliana yako mwishoni.

Naona wengine mmekuja na blanketi begani. Hiyo si aibu, mimi mwenyewe nimevaa sweta mbili.

Nilikuwa nimeombwa nizungumze juu ya mikopo. Nimemwomba mwenyekiti ruhusa nibadilishe, na mikopo tutaizungumza mwezi ujao. Leo nataka tuzungumze juu ya baridi, juu ya stima inayopotea, na juu ya jiko la makaa. Maana mtu aliyekufa halipi mkopo. Mnacheka, lakini mkinisikiliza mtaona kwamba sikuja kuwachekesha.

Sisi tunaishi juu. Kila mtu akipanda mita 1,000, joto hupungua kwa digrii kama 6. Ndiyo maana ndugu yako aliye Mombasa analala na shuka moja, na wewe huku unalala na soksi. Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu yanashuka na kukaa siku nzima, jua halionekani, nguo hazikauki. Na hata Januari, usiku usio na mawingu, tunaamka na kukuta sakitu, ile barafu nyembamba nyeupe, imechoma majani ya viazi. Kama baridi inaweza kuua kiazi shambani, itamfanya nini mzee wa miaka 80 aliyelala peke yake?

Basi mtu anafanya nini? Anachukua jiko jikoni, anaingia nalo chumba cha kulala, anafunga mlango, anaziba dirisha kwa gunia. Anasema, sasa tutalala vizuri. Mara nyingine watu hao hawaamki.

Mambo yaliyotupata nyumbani

Sitawaambia habari za watu wengine. Nitawaambia yangu.

Ilikuwa Julai mwaka 2012. Nilikuwa nimekwenda kumtembelea mama yangu, na pale nyumbani alikuwako mtoto wa dada yangu, msichana wa miaka saba. Stima ilikuwa imepotea siku ya tatu. Mama alikuwa anatetemeka. Mimi, mwenye diploma, mimi ninayezunguka vijijini kufundisha lishe na usafi, niliwasha jiko, nikangoja makaa yawe mekundu na moshi uishe, nikaliingiza chumbani. Tulikuwa tumelala watatu chumba kimoja ili tupashane joto. Nilifunga mlango kwa komeo. Nilijiambia, moshi umekwisha, hakuna hatari.

Usiku wa manane mtoto aliamka akitaka kwenda haja. Alifika mlangoni, akavuta komeo, akaanguka hapo hapo. Alivyoanguka, mlango ulifunguka. Ni ile baridi iliyoingia iliyoniamsha. Nilisikia kichwa kinataka kupasuka. Nilitaka kusimama, miguu ikakataa. Nilitambaa kama mtoto mchanga, nikamvuta msichana nje, halafu nikapiga kelele mpaka majirani wakaja kumtoa mama.

Tulipona wote watatu. Lakini mama alilala hospitali siku nyingi, na aliporudi hakuwa yule tuliyemjua. Alianza kusahau majina yetu. Alikuwa akiniuliza, wewe ni mtoto wa nani? Daktari alituambia kwamba sumu hii inaweza kuacha alama kwenye ubongo hata mtu akipona. Mama amekwisha kufa sasa. Kila Julai ninakumbuka kwamba jiko lile niliingiza mimi, kwa mikono yangu, kwa mapenzi. Ndiyo maana nawaambia: wanaoingiza jiko chumbani si wajinga, wala si watu wabaya. Ni watu wanaopenda watu wao. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sumu isiyoonekana

Makaa yakiungua hutoa hewa mbaya inayoitwa kaboni monoksidi. Haina rangi. Haina harufu. Haiwashi macho wala haikohozeshi. Ule moshi mweusi unaotukimbiza jikoni una wema mmoja, unatuonya. Hii haionyi mtu. Na makaa mekundu yasiyo na moshi, yale tunayosema yameiva, ndiyo hayo hayo yanayoitoa kwa wingi.

Inauaje? Chukua damu kama matatu. Kazi yake ni kubeba hewa safi kutoka mapafuni, kuipeleka kwenye ubongo na moyo. Kaboni monoksidi ni abiria mkorofi: anaingia mbele ya wengine, anakalia viti vyote, na hashuki. Yeye hushika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko hewa safi. Matatu inaendelea kuzunguka, lakini abiria wanaotakiwa wameachwa kituoni. Ubongo unakosa hewa huku mtu anapumua vizuri tu. Anasikia usingizi mzito, na aliyelala anaendelea kulala.

Kwanza kichwa huuma, halafu kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea, akili kuchanganyikiwa. Wengi hufikiri ni homa au chakula kibaya, na wengine husema wamerogwa. Nawapa alama moja ya kukumbuka: kama asubuhi nyumba nzima inaumwa na kichwa, na mkitoka nje kinapoa, uliza jiko lilikuwa wapi usiku. Walio katika hatari zaidi ni watoto, wazee, wagonjwa wa moyo, na mama mwenye mimba pamoja na yule aliye tumboni.

Sasa tuondoe imani kadhaa. Wengine huweka sufuria ya maji karibu na jiko, ati maji yavute sumu. Maji hayaivuti. Wengine hufunika makaa kwa majivu yakae mpaka asubuhi. Makaa yaliyofunikwa yanaendelea kutoa sumu. Wengine husema ukilala kitanda cha juu uko salama. Sivyo, hewa hii huchanganyika na hewa yote ya chumba, juu na chini. Na mwingine ataniuliza, je, lile jiko lililowekwa udongo ndani, linalotumia makaa kidogo? Ni jiko zuri na linaokoa pesa, lakini chumbani linaua vile vile. Hata meko ya gesi isitumike kupasha chumba kilichofungwa. Na jenereta, kwa wale mlio nayo, ikae nje kabisa, mbali na dirisha. Si barazani, si stoo.

Stima itapotea tu

Tangu tulipowekewa stima, wengine tumeanza kuitegemea: balbu, birika ya stima, hata hita. Ni vizuri. Lakini tusijidanganye kwamba haitapotea. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma, na Kenya nzima ikakaa gizani kwa saa kadhaa. Tumbili mwenyewe alipona! Mwaka 2023 giza lilifunika sehemu kubwa ya nchi yetu mwezi wa Agosti, Novemba na Desemba. Na huku kwetu hatuhitaji tumbili. Tawi moja la mti likianguka juu ya nyaya, tunakaa gizani.

Wala si shida ya maskini peke yao. Wengine wenu mna watoto kule Texas, Marekani. Mwezi wa Februari 2021 baridi kali iliingia huko, watu hawakuwa wamejitayarisha, na mitambo mingi ya umeme ikashindwa. Nyumba na biashara zaidi ya milioni 4 zilikosa stima, na nyumba za huko nyingi hupashwa joto na stima hiyo hiyo. Serikali ya jimbo ilihesabu watu 246 waliokufa. Wengi waliuawa na baridi yenyewe. Lakini wengine waliuawa na sumu hii yetu, kwa sababu watu waliingiza majiko ya makaa ndani au waliwasha gari ndani ya gereji ili wapate joto. Watu wenye nyumba kubwa na magari, wakakutwa na lile lililotaka kunikuta mimi. Baridi inapobana na giza linapoingia, binadamu ni mmoja, naye hukimbilia moto.

Kwa hivyo tusingoje usiku wa baridi ndipo tufikiri. Usiku ule akili haiko. Tufikiri sasa.

Joto bila jiko chumbani

Najua swali lenu. Mama mmoja aliniuliza juzi, "Sasa unataka tufe kwa baridi?" Hapana. Joto lipo, tena lingine ni la bure.

Kwanza, joto la mwili. Mwili wako ni jiko lisilozima, kazi yako ni kulifunika. Nguo nyepesi tatu, moja juu ya nyingine, zinashinda koti moja zito, kwa sababu hewa iliyo katikati hushika joto. Vaa kofia na soksi hata kitandani. Nguo zenye unyevu zivuliwe. Ukirudi kutoka shambani umeloa, badilisha kwanza ndipo ukae. Kula chakula cha moto kabla ya kulala, githeri au uji. Na wale wanaosema pombe inapasha joto: pombe huleta damu karibu na ngozi, unasikia moto, kumbe joto linatoka nje. Mlevi ndiye baridi humuua kwa urahisi.

Pili, kitanda. Baridi nyingi hutoka chini. Mtu anajifunika blanketi tatu juu, na chini ana godoro jembamba. Weka chini ya godoro katoni, magunia makavu au nyasi kavu. Halafu maji ya moto: tia kwenye chupa ya raba au chupa ngumu isiyovuja, funga kifuniko vizuri, izungushie kitambaa, uweke miguuni dakika chache kabla ya kulala. Msitumie chupa hafifu za soda, zinayeyuka na kuchoma. Na watoto walale pamoja. Huko kubanana tunakokulalamikia ni dawa.

Tatu, nyumba. Joto hupanda juu, na mabati hayalishiki hata kidogo. Dari ya magunia yaliyoshonwa pamoja au ya katoni husaidia sana. Iwe tu mbali na taa na moto. Ziba kwa matambara nafasi iliyo chini ya mlango wa chumba cha kulala. Ziba nyufa za mbao kwa udongo.

Hapa nisikieni vizuri, maana ndipo watu hukosea. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nawaambia, ziba nyufa za chumba cha kulala kwa sababu humo hakuna moto. Lakini jikoni, penye moto, acha matundu ya juu wazi na dirisha wazi. Ukiziba nyumba, moto utoke. Ukiweka moto, nyumba ifunguliwe. Viwili hivyo havikai pamoja.

Nne, ota moto jioni mkiwa macho, huko jikoni, mlango ukiwa wazi. Chemsha maji, jaza themosi, pika kesho yako. Mkimaliza, watu waende kulala na jiko libaki nje, mahali ambapo upepo hauwezi kulirusha. Na kwa wazee wetu wanaolala jikoni karibu na mafiga kwa mazoea ya zamani, tusiwagombeze. Twende tufungue tundu juu ya ukuta, tuusogeze moto mbali na kitanda, na tuhakikishe umezimwa kabla hawajalala.

Wazee na watoto

Mzee anaweza kuuawa na baridi bila kulalamika. Joto la mwili likishuka chini ya digrii 35, kwanza anatetemeka. Halafu kutetemeka kunaacha, na watu wanafikiri amepata nafuu. Kumbe ndiyo hatari yenyewe. Anasema maneno yasiyoeleweka, anasinzia, tumbo lake ni baridi ukiligusa. Mvue nguo zenye unyevu, mfunike pamoja na kichwa, mtu mwingine aingie naye ndani ya blanketi. Akiwa macho na anaweza kumeza, mpe chai ya moto yenye sukari. Usimwekee moto karibu na ngozi, wala usimsugue kwa nguvu. Tafuta gari aende hospitali.

Mtoto mchanga joto lake ni kifua cha mama. Mvue abaki na nepi na kofia, umweke ngozi kwa ngozi kifuani, umfunike kwa leso na blanketi. Baba pia ana kifua, asiseme hana nafasi. Na mtoto akikohoa, msihesabu siku tu, hesabuni pumzi. Akiwa ametulia, chukua saa, hesabu dakika moja nzima. Mtoto wa miezi 2 mpaka 11 akipumua mara 50 au zaidi, au wa mwaka 1 mpaka 5 akipumua mara 40 au zaidi, aende zahanati siku hiyo. Mtoto aliye chini ya miezi 2 akiumwa, usihesabu, mpeleke tu. Na ukiona kifua kinaingia ndani anapovuta pumzi, aende hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Hiyo inaweza kuwa nimonia.

Giza lenyewe

Stima ikipotea, zima pasi, hita na birika kwenye soketi. Ikirudi saa nane usiku na pasi iko juu ya nguo, utaamshwa na moto. Koroboi na mshumaa vikae mbali na pazia, chandarua na godoro, na visiachwe na mtoto peke yake. Nani ana taa ya sola? Iwekeni juani kila siku, hata jua likiwa dogo, na ikae mahali pamoja ili mkono uijue gizani. Waya ukianguka chini, hata kama kijiji kizima hakina stima, usiuguse na usimruhusu ng'ombe apite. Weka mtu wa kulinda, na apigiwe simu fundi wa stima.

Na ukikuta watu wamelala na jiko ndani na hawajibu? Vuta pumzi nje kwanza. Fungua mlango na madirisha. Toa watu upesi, mmoja mmoja, ndipo utoe jiko. Aliyezimia umlaze kwa ubavu, usimpe maziwa, usimpe chochote mdomoni. Maziwa hayafiki kwenye damu. Anayehitaji kupewa ni oksijeni, na iko hospitali. Hata aliyeamka na kusema amepona, apelekwe pamoja na wengine. Kama hapumui na kuna anayejua kumpulizia pumzi, aanze hapo hapo.

Kazi ya kikundi

Sasa, wapendwa, haya yote mtu mmoja hayawezi. Ndiyo maana nimewaambia nyinyi, wala sikubandika karatasi ukutani. Napendekeza kila kikundi kifanye mambo manne kabla ya Juni.

La kwanza, andikeni majina ya wazee na wagonjwa wanaolala peke yao, na kila jina lipewe jirani mmoja. Usiku wa baridi kali, jirani huyo abishe mlango saa mbili usiku na arudi asubuhi.

La pili, mfuko wa blanketi. Wanachama 20 wakitoa shilingi 20 kila wiki, ni shilingi 400 kwa wiki. Kwa wiki 20, kuanzia Januari mpaka Mei, ni shilingi 8,000. Nunueni kwa jumla, muanze na yule ambaye hakuweza kutoa kitu.

La tatu, siku moja ya kazi ya mikono: kuziba nyufa, kushona dari za magunia na kutoboa matundu ya moshi kwa wazee. Vijana, hiyo ni kazi yenu, nimewaona mna nguvu.

La nne, sheria moja ya kikundi, iandikwe kwenye kitabu cha kumbukumbu: jiko lisilale na watu. Mtoto aijue, mgeni aambiwe. Tukikutana njiani jioni, badala ya kuagana tu, tuulizane: jiko lako linalala wapi?

Mtoto yule aliyevuta komeo sasa ni msichana mkubwa. Kila baridi ikianza hunipigia simu jioni. Hanisalimu kwanza. Huniuliza, "Auntie, jiko liko wapi?" Namwambia, liko nje. Ndipo ananisalimu.

Nendeni mkaulizane.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, ni nani analala peke yake wakati wa baridi? Jirani yake ni nani?
2. Jana usiku jiko la kila mmoja wetu lililala wapi? Tusemezane ukweli bila kuchekana.
3. Stima ikipotea siku tatu, tuna nini tayari nyumbani, na tunakosa nini?
4. Usiku wa manane mtu akizidiwa, gari la nani linaweza kumpeleka hospitali? Tumekwisha zungumza naye?